Mlango Uliofungwa Mara Mbili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kufuli la shaba kwenye mlango wa stoo ya maboksi lilikuwa limegeuka rangi ya buluu.

Inspekta alichuchumaa mbele yake bila kuligusa. Alilitazama kwa mbele, akawasha tochi akalitazama kwa nyuma, kisha akamwita Sajini.

"Hii ni rangi gani?"

Sajini, mtu mzima mwenye pumzi fupi, aliinama kadiri kitambi kilivyomruhusu. "Buluu, Afande. Kama kuta za hospitali."

"Na kufuli jipya la shaba huwa na rangi gani?"

"Manjano. Linang'aa kama jino la tajiri."

"Hili lilitundikwa hapa Jumatatu, mtunza stoo amethibitisha. Jumanne gesi ikavuja. Leo ni Alhamisi. Lipige picha, kisha liweke kwenye bahasha ya vielelezo."

Walikuwa katika ukumbi wa kufungashia wa kiwanda cha barafu na vyumba baridi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba cha kompresa, mlimopita mabomba ya amonia. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mlango mmoja wa chuma wa kuteleza, uliofunguliwa na kufungwa kwa vitufe kutoka chumba cha kuongozea mitambo, juu ya ngazi. Jumanne asubuhi bomba lilipasuka na mlango ukafungwa. Wafungashaji tisa waliokuwa ukumbini walipona. Fundi wa kompresa, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee Spana, alibaki upande wa gesi akafa.

Kwenye vitufe alikuwepo binti wa mdogo wa Mzee Spana. Wenzake walimwita Kitufe. Katika maelezo yake alikubali kwamba yeye ndiye aliyefunga. Wakili wa kampuni naye alikuwa amemfikishia mwendesha mashtaka habari kwamba baba wa binti na Mzee Spana walikuwa wakigombea kiwanja cha familia. Ilikuwa imeshapangwa: saa nane mchana huohuo Kitufe apandishwe kizimbani kwa shtaka la kuua kwa kukusudia. Inspekta alikuwa na muda wa kuanzia pale hadi saa nane kuthibitisha shtaka hilo au kulivunja.

Faili lilikuwa na maelezo ya mashahidi watatu: Kitufe, meneja wa zamu, aliyekuwa naye chumbani, na kiongozi wa wafungashaji. Yote yalikuwa yamechukuliwa mbele ya wakili wa kampuni, kwa lugha ya kigeni ambayo pale kiwandani iliitwa lugha ya kazini. Mlango ulifungwa mara moja tu. Gesi haikufika ukumbini. Wafungashaji walitoka kwa utaratibu. Uamuzi ulikuwa sahihi, mtu mmoja kwa watu tisa. Katika kurasa zote hizo marehemu hakutajwa kwa jina lolote wala kwa kazi yake. Aliitwa "mtu mmoja."

"Basi kufuli limedanganya," Sajini alisema. "Au wamedanganya watu watatu."

"Kufuli halina wakili."

"Labda gesi ilipenya chini ya mlango, Afande."

"Labda. Tuone."

Ofisa wa zimamoto, aliyekuwa akiwasubiri, aliufunga mlango na kuwasha kopo la moshi upande wa kompresa. Inspekta alipiga magoti upande wa ukumbi, akapitisha mwanga wa tochi kandokando ya mpira wa kuzibia, chini, pembeni na juu. Hakuna hata uzi wa moshi uliopita. Alimwomba ofisa afanye tena. Matokeo yakawa yaleyale.

"Amonia na shaba haviivani," ofisa alisema akijipangusa mikono. "Ndiyo maana huko ndani mabomba yote ni ya chuma. Ili kufuli ligeuke hivi, gesi iliingia humu, tena si ya kunusa tu."

"Kama watu tisa wangekuwemo?"

"Ungewakuta wodini macho yamevimba, wanakohoa damu."

Inspekta alifungua faili kwenye ripoti ya daktari. Wafungashaji wote walipimwa Jumanne ileile. Macho salama, mapafu salama. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu wakati wa kukimbia.

"Kukimbia," alisema. "Sikujua utaratibu huwa unategua watu miguu." Alifunga faili. "Gesi iliingia, na watu hawakuumia. Kwa hiyo iliingia wakiwa wameshatoka. Mlango ukiwa umefungwa haupitishi kitu. Kwa hiyo baada ya wao kutoka mlango ulifunguliwa, kisha ukafungwa tena."

Sajini alikuna kidevu. "Na mashahidi wote watatu wamesahau."

"Tutawauliza walivyosahau."

Alipanda ngazi. Chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa na viti viwili, redio kubwa ya mezani, simu iliyotundikwa ukutani karibu na mlango, na dirisha pana la kioo. Alikaa kwenye kiti cha Kitufe. Kutoka pale aliuona ukumbi mzima: meza za kufungashia, mlango wa stoo, kofia ya Sajini, na Sajini alipoivua ajipepee, upara wake.

Vitufe vilikuwa viwili. Cha kijani kilifungua, chekundu kilifunga. Aliufungua mlango kwa kijani, kisha akakibonyeza chekundu mara moja akakiachia. Mlango ulisogea kidogo ukasimama. Alibonyeza tena bila kuachia, na mara hii mlango ukateleza taratibu hadi mwisho, huku ncha ya kidole ikianza kumuuma. Mlango ule haukuweza kufungwa kwa bahati mbaya. Aliyeufunga ilimbidi aendelee kuufunga.

Aliufungua upana wa shibiri, akauacha hapo, akashuka kuchunguza ukingo wake. Ukingo ule haukuonekana mlango ukiwa umefungwa kabisa wala ukiwa wazi kabisa, na ndiyo sababu hakuna aliyeutazama. Kwenye usawa wa goti palikuwa na kovu jipya kwenye chuma, na ndani ya kovu mabaki ya rangi ya njano.

"Sajini, spana za marehemu zina rangi gani?"

"Njano tupu. Alizipaka mwenyewe ili wezi waone haya. Tunazo kumi na moja kwenye vielelezo."

"Sanduku lake lina nafasi ngapi?"

"Kumi na mbili," Sajini alisema. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la vyuma chakavu pembeni mwa ukumbi, mahali wafagiaji walipomwaga walichookota, akapindua, akapekua, akainuka na spana kubwa ya njano. Ilikuwa imechubuka pande mbili zinazotazamana, kama kitu kilichobanwa. Upande mmoja ulilingana na kovu la mlango, upande wa pili na kovu jingine kwenye fremu.

"Alifika mlangoni," Inspekta alisema. "Akitambaa, maana kovu liko chini. Mlango ulikuwa wazi kiasi hiki. Aliiingiza spana ili usifunge. Aliyekuwa juu akaendelea kubonyeza mpaka spana ikaruka huku ukumbini."

Sajini aliishika spana kwa ncha za glavu.

Kiongozi wa wafungashaji walimkuta uani, chini ya paa la mabati, akikunja maboksi pamoja na wenzake wanane. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na wote walimwita Shangazi. Redio ya mkononi ilining'inia kiunoni pake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza yale ya wakili?"

"Yaleyale. Ila kwa lugha yetu."

"Afadhali. Ile ya kwao nikiisema najiona nimevaa viatu vya mtu." Alisukuma rundo la maboksi pembeni ampishe akae. "Uliza."

"Mlitokaje?"

"Mbio! Nani anatembea na harufu ile? Nilisikia king'ora, nikaona mlango unateleza, nikasema watoto wangu, mlango wa nyuma! Nikawahesabu hapa uani. Nikapiga redio."

"Maelezo yako yanasema hukutuma ujumbe."

"Wakili aliniuliza kama nilituma ujumbe kwa utaratibu. Utaratibu ni lugha ya kazini. Mimi siku ile lugha ya kazini ilinitoka yote, nikabaki na ya mama yangu. Nikasema, 'Tumetoka wote, tisa, humo ndani hakuna mtu!' Nikajibiwa, 'Rudia.'"

Inspekta aliifahamu kanuni ile. Wahandisi wa mwanzo wa kiwanda walikuwa wageni, na waliagiza redioni isemwe lugha moja tu. Wahandisi waliondoka zamani, kanuni ikabaki. Ujumbe wa lugha nyingine ulijibiwa kwa neno moja, mpaka mtumaji aseme upya inavyotakiwa.

"Ukarudia?"

"Mara mbili. Kila mara, 'Rudia.' Nikamwambia, mwanangu, nirudie nini, huelewi? Wewe si tulikulea mtaa mmoja?"

"Sauti ya nani?"

"Kamusi, atakuwa nani mwingine." Wafungashaji waliokuwa karibu waliguna. Kamusi lilikuwa jina la utani la meneja wa zamu, kwa sababu alisahihisha lugha ya kazini ya kila mtu, na iliaminika angemsahihisha hata mgonjwa anayeomba maji. "Halafu nikamsikia Mzee Spana."

"Redioni?"

"Redio zetu zote ni njia moja. Alisema amefika mlangoni, macho hayaoni. Kwa lugha yetu alisema. Akamwita mwanawe. Naye akajibiwa vilevile." Shangazi alichukua boksi akaanza kulikunja, akalikunja vibaya, akaliweka chini.

"Baada ya wewe kutangaza kwamba mmetoka?"

"Baada. Naapa."

Inspekta aliandika. Bila kuinua macho alisema, "Wakili alikuuliza kama ilikuwa sahihi kumfungia mtu mmoja ili wapone tisa. Ulijibu ndiyo."

"Nilijibu hivyo?"

"Umetia sahihi."

"Ah! Lile lilikuwa swali la mtihani, mwanangu. Unajibu upate maksi uende zako. Mmoja na tisa, kubwa lipi? Tisa."

"Basi nakuuliza mimi. Ni haki kumfungia Mzee Spana ndani ili ninyi mpone?"

Mmoja wa wafungashaji alizima kiredio chake kilichokuwa kikiimba. "Mtu alinitengenezea jiko mwaka jana, hakutaka hata asante," Shangazi alisema. "Usiniulize hivyo. Sitaki kulijua jibu la swali hilo."

Saa tano ilikuwa imepita walipofika kituoni. Kitufe aliletwa kutoka mahabusu hadi chumba cha mahojiano chenye meza moja na viti vitatu. Alikuwa mwembamba, hajafika miaka thelathini, kucha zimekatwa fupi. Inspekta alimsomea haki zake kwa lugha zote mbili.

"Nimekwisha kutoa maelezo," Kitufe alisema kwa lugha ya kazini, kwa sauti tambarare. "Nilifunga mlango. Kulikuwa na watu tisa upande mmoja na mtu mmoja upande wa pili. Uamuzi ulikuwa sahihi."

"Nimeyasoma," Inspekta alijibu kwa lugha ya nyumbani. "Ulimwitaje nyumbani?"

"Nani?"

"Huyo mtu mmoja."

Kitufe aliinamisha kichwa. Alijaribu kuanza sentensi kwa lugha ya kazini, ikakatika. Sajini alimsogezea bilauri ya maji, akaisogeza tena karibu zaidi.

"Baba Mkubwa," alisema mwishowe, na toka hapo hakurudi tena kwenye lugha ile nyingine.

"Nani aliyekuambia ufunge?"

"Meneja. Alisema, funga, mmoja kwa tisa. Nami nikaona sawa. Sikudanganyi, Afande, niliona sawa. Ilikuwa kama mazoezi tunayofanya kila robo mwaka. Nikashikilia chekundu mpaka mwisho. Mkono haukutetemeka."

"Halafu?"

"Shangazi akasema wametoka. Nikatazama ukumbini, kweli hakuna mtu. Meneja anamwambia rudia. Halafu..." Alikunywa maji. "Halafu Baba Mkubwa akasema, 'Mwanangu, nimefika mlangoni. Sioni. Nifungulie baba yako.' Meneja akasema, rudia. Mimi nikabonyeza kijani."

"Mlango ulifunguka kiasi gani?"

Kitufe alitanua kidole gumba na cha mwisho juu ya meza. Shibiri. Hakuwa ameambiwa lolote kuhusu kovu wala spana.

"Kwa nini ukaishia hapo?"

"Alinishika kiwiko akanivuta kwenye kiti. Akakishika chekundu yeye. Kulikuwa na kitu kinazuia, mlango ulikuwa unalia. Nilimwambia ni yeye, meneja, ni yeye anazuia. Hakuniachia mpaka ukafika mwisho."

"Kwa nini hukuyasema haya?"

"Niliulizwa, ulifunga mlango? Nilifunga. Wakili akasema, shikilia kwamba ilikuwa sahihi, kampuni itakutetea. Na kwa lugha ile, Afande, ilisemeka. Nilikuwa naisema na inatoka." Alifuta uso kwa kiganja. "Na mara ya kwanza nilifunga mimi."

"Hilo nimeliandika," Inspekta alisema. "Na hili la pili pia nimeliandika. Kiwanja?"

"Kiwanja kilishagawanywa mbele ya wazee. Baba Mkubwa ndiye aliyenitafutia kazi baada ya hapo."

Sajini alitoka kupiga simu. Alirudi baada ya muda mfupi akatikisa kichwa kukubali. Mjane wa marehemu alikuwa amethibitisha, na alikuwa ametuma swali: mtoto amekula?

Kwenye korido Sajini alisema kwa sauti ya chini, "Tunayo kufuli, spana na Shangazi. Kamusi amekwisha."

"Bado. Kufuli linasema mlango ulifunguliwa. Spana inasema mtu aliung'ang'aniza. Shangazi alisikia sauti, hakuona mkono. Chumbani walikuwa wawili tu. Neno la binti dhidi ya neno la meneja, na binti ameshatia sahihi kwamba alifunga."

"Tumbane."

"Kwa lugha gani?"

"Kwani lugha ina nini, Afande?" Sajini aliuliza.

"Kwa lugha ya kazini Shangazi alisema ilikuwa sahihi," Inspekta alisema. "Kwa yetu hakutaka hata kulijibu swali. Binti vivyo hivyo. Huku kuna baba mkubwa, kuna aliyekutengenezea jiko. Kule kuna mmoja na tisa. Hao wawili walihitaji kuvuka kuja huku ndipo waseme. Kamusi huku ataona haya, na mwenye haya huficha. Kule hana haya."

"Kwa hiyo tunamwacha kulekule."

"Tunamwanzia huku ili tuone anaficha nini."

Meneja wa zamu alifika saa sita na nusu, amepiga pasi, na wakili wa kampuni ubavuni. Inspekta alimsomea haki zake kwa lugha zote mbili. Kisha, kwa lugha ya nyumbani, akamwuliza nani aliyefunga mlango.

"Dada yangu," Kamusi alimwambia Inspekta, macho yakilengalenga, "yule mzee alikuwa kama baba kwangu. Mimi nimfungie mlango? Si mikono hii ingekatika!"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa kwenye simu na zimamoto. Nimegeuka, binti ameshafunga. Nilichoka, dada yangu. Nililia."

"Zimamoto wanasema simu ilipigwa na mlinzi wa getini."

"Basi... nilikuwa najaribu. Laini ilisumbua."

"Ulimsikia Mzee Spana redioni?"

"Ningemsikia ningekaa? Ningeshuka mwenyewe! Wale wana ugomvi wa kiwanja, kila mtu anajua. Damu nzito kuliko maji, lakini kiwanja kizito kuliko damu."

Wakili alitabasamu kidogo. Inspekta aliweka mezani kufuli ndani ya bahasha yake, kisha spana. Kamusi alilitazama kufuli. Spana aliiepuka.

"Sijui vitu hivyo," alisema. "Mungu ndiye anajua."

Inspekta alifunga daftari. Akalifungua ukurasa mpya, akaandika saa, na akaendelea kwa lugha ya kazini, kwa kasi ileile ya sauti.

"Bwana Meneja, nahitaji msaada wako wa kitaalamu. Nieleze utaratibu wa mlango wa kuzuia gesi."

Kamusi alipangusa macho. Mgongo wake ulinyooka. "Mlango hufungwa gesi inapogunduliwa," alisema kwa lugha hiyohiyo, kila neno limekamilika. "Lengo ni kulinda idadi kubwa ya watu."

"Ukifunguliwa kinyume cha utaratibu?"

"Hufungwa upya mara moja."

Wakili aliinua kalamu. "Nashauri usiendelee."

"Ni suala la kiufundi," Kamusi alimwambia bila kumtazama. "Na neno ni 'napendekeza.' Kushauri umeshashauri."

"Na nani?" Inspekta aliuliza. "Hufungwa upya na nani?"

"Na mwenye cheo cha juu aliyepo. Mwendeshaji aliyeufungua kwa hisia hawezi kuaminiwa kuufunga."

"Jumanne mwenye cheo cha juu alikuwa nani?"

"Mimi."

"Kulikuwa na kizuizi."

"Kulikuwa na kizuizi cha chuma. Nilidumisha shinikizo hadi kikaondoka. Mtu yeyote mwenye mafunzo angefanya hivyo. Mmoja kwa tisa. Si jambo la kufurahisha, ila ni hesabu iliyo wazi."

Kalamu ya wakili ililala mezani. Sajini aliandika bila kupumua.

"Tisa hao ulijuaje wako ukumbini?"

"Kwa ujumbe wa mwisho uliothibitishwa. Mwanzo wa zamu, watu tisa."

"Kulikuwa na ujumbe wa baadaye."

"Haukutumwa kwa utaratibu. Niliagiza urudiwe."

"Uliuelewa ujumbe huo?"

"Kuelewa si kigezo."

"Nauliza kama ulielewa."

Kamusi alirekebisha mkono wa shati. "Nilielewa."

"Na ujumbe wa fundi wa kompresa?"

"Huo pia niliuelewa. Niliagiza urudiwe."

"Mbele yako kuna dirisha la ukumbi. Ulitazama?"

"Nilitazama. Hapakuwa na mtu."

"Basi hesabu yako, Bwana Meneja. Mmoja kwa wangapi?"

Kamusi alifungua mdomo kujibu. Alikuwa na jibu tayari, kwa namna alivyovuta pumzi. Badala yake alitazama spana kwa mara ya kwanza.

Wakili aliomba muda. Inspekta alimpa. Wawili hao walinong'ona koridoni, wakarudi, wakili akasema mteja wake hana la kuongeza wala la kufuta. Wakati huo Sajini alikuwa ameshayaandika majibu upya kwa lugha ya nyumbani, na mkalimani wa mahakama, aliyeitwa tangu saa sita, ameshayalinganisha neno kwa neno. Sheria iliagiza maelezo ya mtuhumiwa yasomwe kwa lugha aliyozaliwa nayo kabla hajatia sahihi.

"Soma mwenyewe," Inspekta alisema. "Kwa sauti."

Kamusi alishika karatasi kwa mikono miwili. Alisoma cheo chake, mahali pake pa kazi, tarehe. Alisoma utaratibu wa mlango. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kusomea wengine.

"'Nilimsikia Shangazi akisema wametoka wote,'" alisoma. "'Nikatazama ukumbini, hapakuwa na mtu. Nilimsikia Mzee Spana akisema amefika mlangoni, haoni, akimwomba mwanawe amfungulie. Nilimtoa binti kwenye kiti. Nikabonyeza...'"

Alisita. Alirudi nyuma neno moja, akaiweka karatasi karibu na macho kana kwamba mwandiko ulikuwa mbaya. Mwandiko ulikuwa wa mashine. Midomo ilisogea bila sauti.

Chumbani hakuna aliyemsaidia.

"Sikukusikia vizuri," Inspekta alisema. "Rudia."

Alirudia kuanzia kwa Shangazi, na safari hii alifika mwisho wa sentensi, na mwisho wa ukurasa, kwa sauti ambayo Sajini ilibidi aisogelee. Saa saba na dakika thelathini na tano alitia sahihi. Wakili alitia yake chini, kama shahidi.

Inspekta alimpigia mwendesha mashtaka na kumsomea kurasa mbili. Mwendesha mashtaka alimsikiliza bila kumkatiza, akauliza kuhusu spana, akauliza kuhusu kiwanja, kisha akaamuru shtaka dhidi ya binti liondolewe na jina jingine liandikwe.

Saa saba na dakika hamsini Sajini alifungua mlango wa mahabusu, akausukuma hadi ukutani, na akasimama akiuzuia kwa mguu mpaka Kitufe alipotoka.